Joho Moja, Mawakili Watatu

Kwako dada yangu mkubwa,

Salamu hizi zikukute umekaa, hujambo, magoti yamepoa, na shemeji amepunguza kukoroma. Mimi ni mzima, lori ni zima, na mji huu umeshanijua. Ukishuka stendi ukauliza dereva mtanashati, utaletwa moja kwa moja mlangoni kwangu.

Najua unachotafuta humu ni habari za mziwanda wetu. Tulia, nakuja.

Uliponituma nimtafutie wakili wa kulipwa, ukasema utauza cherehani zako zote, nilipita kwanza mahakamani kumchungulia yule wa bure aliyepewa na serikali. Nilitaka kujua wakili wa bure anafananaje. Nimevuka mipaka mingi kuliko madarasa niliyomaliza, lakini kitu kama kile sijawahi kukiona. Ni mama mfupi, anawasikiliza wateja wake huku akitembea, kutoka geti la mahabusu hadi mlango wa mahakama, maana ofisini kwao mafaili yamekalia hadi viti. Joho nalo ni moja kwa mawakili watatu. Mwenzake, mrefu kama nguzo ya umeme, alitoka chumba cha pili akilivua mbiombio, mama akalidaka, akakunja pindo kwa pini za ofisini, akaingia. Pini moja ikadondoka mbele ya hakimu. Nikasema moyoni, mdogo wetu kwisha habari yake.

Makubwa zaidi niliyaona wakati wa mapumziko. Mama yupo kantini anakunywa chai na mwendesha mashtaka, yule yule anayetaka mziwanda afungwe kwa wizi wa pampu ya maji pale ghalani anapolinda. Tena wanacheka! Mimi mjanja nikaunganisha: wote wanalipwa na serikali moja. Nikaenda mahabusu kumwonya mziwanda asimfungulie mama mdomo, atauzwa. Akanikubalia, ila mimi akaninong'oneza alichomficha kila mtu. Mchana ule pampu ilipoibwa hakuwa lindoni. Alikuwa ametoroka kwenda shule ya udereva. Eti anataka kuwa kama mimi. Na kwa kuogopa kufukuzwa kazi, yuko radhi afungwe!

Jambo hilo liliniwasha. Nikamvizia wakili getini, nikamuuliza bila haya nani anamlipa. Akasema serikali. Na yule mwenzake wa chai? Serikali hiyo hiyo, ila yule akitaka shahidi ana polisi na gari, na yeye fungu lake la mpelelezi limekatwa, hutafuta mashahidi kwa miguu, Jumamosi. Nikauliza tena, sasa unampingaje anayekulisha? Akasema serikali ikimshtaki mtu lazima imlipe na wa kuibishia, la sivyo itakuwa inacheza mpira peke yake na kujihesabia magoli. Kisha akaniuliza yeye: huyu kijana mdomo wake mgumu kama mlango wa benki, nani kaufunga? Dada, nikakiri ni mimi.

Nikamweleza yote, nikamwambia apande lori. Jumamosi alikaa mbele, mafaili mapajani, akinifokea nipunguze mwendo. Mwalimu wa udereva alimkumbuka mziwanda vizuri sana, kwa sababu mchana ule aliyagonga mapipa yote ya mazoezi, moja baada ya jingine. Akakubali kuandika maelezo.

Hapo ndipo chai ilipofanya kazi. Mama aliyaweka yale maelezo mbele ya mwendesha mashtaka pale pale kantini, akamwambia asimwamini yeye, atume polisi wake wakaulize wenyewe. Akatuma. Jana kesi ilipoitwa, mwendesha mashtaka ndiye aliyesimama akasema anaondoa mashtaka. Mziwanda yuko hapa pembeni yangu, anakula kama mtu anayelipwa kwa kila tonge. Kazi ya ulinzi hana tena, hilo tulilitegemea.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Yule mnunuzi wa cherehani anayekuahidi kesho kila siku, hatakuja. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimpigia siku ile ile nilipotoka kuongea na wakili pale getini, nikamwambia zimeshika kutu na zinaruka uzi. Wakati huo hata shahidi hatujampata. Nilimweka mdogo wetu mikononi mwa mama wa pini bila kukuuliza, na kama angefungwa nisingekuwa na uso wa kukuletea. Kofi lako nitalipokea, ila usipige usoni, wapo wanaoutegemea.

Kimoja bado kinaniwasha. Wale wengine wanaotembea na mama kutoka getini hadi mlangoni, nani anawawashia lori? Nimemwambia Jumamosi zangu ni zake. Zawadi hapokei, nilimpa soda tu akanitimua. Lakini nimeulizia, na ofisi yao inaruhusiwa kupokea majoho. Basi cherehani hizo hizo zishone mawili, la zamani abaki nalo nguzo ya umeme. La mama liishie chini kidogo ya goti lako, mabega kama yako. Pindo ulishone mara mbili.

Msalimie shemeji, na watoto wote waambie mjomba wao ana makuu.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva, na kila Jumamosi mpelelezi wa utetezi