Nafasi ya Noreen

Jumatatu, 5 Juni

Shoga yangu Noreen amepata nafasi katika majaribio ya dawa mpya. Mimi sikupata. Daktari Pybus alinieleza kwa upole wa kuudhi. Seli za kinga zilizo kwenye damu, zile zinazovamia ghafla, zina dawa yake tangu siku nyingi. Zilizobaki zimejichimbia ndani ya ubongo, zinatafuna neva polepole, na dawa hii mpya inazifuata humo humo.

"Nafasi zimejaa, Mwalimu. Akitoka mtu, unaingia wewe."

Akitoka mtu!

Alhamisi, 8 Juni

Bwawani. Maji yamepoozwa kwa ajili yetu wagonjwa wa MS, huu ugonjwa wa neva. Joto hutulegeza miguu. Juni huku kwetu ni majira ya baridi: mji mzima wa Hobart unatetemeka, theluji imejaa mlimani, na sisi tunadai maji baridi. Noreen alishuka ngazi mwenyewe, midomo imekolea rangi, kama bibi harusi. Mimi nilishushwa kwa kiti cha winchi — shehena ya bandarini.

"Usininunie, shoga yangu," akasema. "Nikipata nguvu nitakusukuma na kigari chako cha magurudumu mpaka sokoni Salamanca, nikuuze!"

Wote wakacheka. Sikucheka.

Kisha akaninong'oneza. Jicho lake lilipoingia giza wakati wa Pasaka, hakumwambia daktari. "Wangenikataa. Nyamaza, eh?"

Lile lilikuwa shambulio la ugonjwa! Wanatakiwa wagonjwa ambao mashambulio yamekwisha kabisa. Kwa Noreen, seli za damu bado zinavamia. Atavuruga majibu yote.

Ijumaa, 9 Juni

Maisha yangu yote ya ualimu niliwafukuza waliodanganya katika mtihani. Huu nao ni mtihani, na wagonjwa wengi watatibiwa kwa kutegemea majibu yake. Kusema ni wajibu. Sina kinyongo.

Lakini mbona nimekwisha kuchagua gauni la kuvaa siku ya dozi ya kwanza?

Jumanne, 13 Juni

Nimepiga simu kliniki. Nesi aliuliza nimejuaje habari ya jicho. Nikajibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia alipokuwa haoni jicho moja. Akaniuliza:

"Nafasi ikipatikana utaitwa wewe, bibi. Unalijua hilo?"

Ninalijua.

"Usikate. Namwita daktari."

Wananipigia muziki wa kusubiri. Naandika huku simu nimeibana begani. Dirishani — Noreen! Anapanda kilima na fimbo yake, amebeba pai ya kome, ananipungia.

Sasa yuko barazani. "Fungua, Mwalimu! Inapoa!"

Muziki umekatika. "Haloo, Mwalimu?" Ni Daktari Pybus.