Sababu ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa. Hakimu kasoma hukumu kwa dakika kumi na mbili. Miaka miwili ya kiguu na njia, halafu dakika kumi na mbili! Mashine yangu ya kusaga ifungwe ndani ya siku tisini, eti inatikisa ukuta wa chumba cha kulala cha Mwalimu mpaka umepasuka.

Mwalimu ndiye jirani yangu. Kastaafu, hana kazi, anahesabu nyufa. Ule ukuta walijenga kwa mchanga, simenti walionyeshwa tu. Mtaa mzima unajua hivyo. Nimewaambia mwenyewe, mmoja mmoja.

Wakili wangu akanipa pole huku anaangalia saa. Nikamuuliza habari ya rufaa. Akasema yeye haendi mahakama za juu, nitafute anayekwenda. Sasa huyu nilimweka wa nini?

Mdogo wangu, ndiye anayeendesha mashine, kauliza kesho asage au asisage. Nimemwambia asage. Siku tisini ni siku tisini. Ile mashine ndiyo inayotulisha sote wawili, na sina kazi nyingine ninayoijua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika sababu za rufaa kwa mkono wangu. Ishirini na tatu. Ya kwanza: Mwalimu ni mwongo. Ya pili: mkewe kasaga kwangu miaka tisa, hakuna siku kalalamika. Ya tano: hakimu alinikata kauli mara nne, nilihesabu. Ya kumi na moja: shahidi wao alikuwa anasinzia. Kurasa saba, mbele na nyuma.

Mdogo wangu kasoma, kasema, dada, hii ni rufaa au barua ya kuvunja uchumba? Nimemfukuza akasage.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempata wakili wa rufaa. Mama mtu mzima, miaka thelathini anafanya rufaa tu, kesi nyingine hagusi. Makarani wa mahakama wanamwita Mama Rufaa, na wakimtaja wanashusha sauti. Ofisi yake iko ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Mafaili kayafunga kwa kamba za viatu, nyeusi na kahawia. Sikuuliza.

Nilimwamkia, nikakaa, nikavuta pumzi nimweleze toka mwanzo. Akainua mkono. Hataki kuhadithiwa! Eti mahakama ya rufaa haitaniona nikilia, itasoma karatasi, kwa hiyo na yeye anasoma karatasi. Niende masjala nikaombe mwenendo wa kesi, yaani maandishi yote ya yaliyosemwa na kufanyika pale mahakamani, toka siku ya kwanza.

Nikampa kurasa zangu saba angalau. Akasoma huku kalamu inakata. Chwaa. Chwaa. Mwalimu ni mwongo, kakata. Mkewe, kakata. Shahidi wa usingizi, kakata, lakini hapo alicheka kidogo. Nikamwambia mama, unanikatia roho. Akasema hasira haikatiwi rufaa, mwanangu.

Mwanangu! Nina miaka hamsini na moja.

Amebakisha moja tu. Ya kumi na tisa. Hata sikumbuki niliiandika kwa nini, nadhani nilikuwa najaza ukurasa. Inasema: siku hakimu alipokuja kukagua, nilizima mashine.

Akauliza nilizima kwa nini. Nikamwambia kwa adabu tu. Mtu mkubwa kaja kwako, utamwacha apige kelele kushindana na mota? Hakimu alipita uchochoroni, akautazama ufa, akauwekea mkono, akanawa, akaondoka. Nilimshikia kopo la maji mwenyewe.

Mama Rufaa akafungua hukumu, akasoma polepole: "Tetemeko hilo mahakama ililishuhudia yenyewe ilipotembelea eneo." Kisha akaniangalia juu ya miwani. Mashine iliyozimwa, akasema, ilitetemeshaje?

Nilikuwepo ikisomwa. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, likapita. Nilikuwa na kazi ya kumchukia Mwalimu.

Jumanne, 18 Machi

Masjala. Karani kasema njoo wiki ijayo.

Jumatano, 26 Machi

Wiki ijayo imefika. Karani kasema faili liko kwa mchapaji. Mchapaji kasema liko kwa karani. Milango yao inatazamana!

Alhamisi, 17 Aprili

Danadana. Leo printa haina wino. Nikauliza wino unauzwa wapi, nikanunue. Karani kasema hairuhusiwi. Nimekaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Unga umeniganda kwenye nyusi, watu wanadhani ni mvi.

Kurudi nimempita mke wa Mwalimu na debe la mahindi kichwani. Siku hizi anakwenda kusaga kule mbali, karibu na shule, na magoti yake yale. Zamani alikuwa anakaa kwenye gunia pale kwangu tunapiga soga mpaka unga unapoa. Nikasema moyoni, si mmetaka wenyewe? Halafu roho ikaniuma. Halafu nikakasirika kwa sababu imeniuma.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelipata faili! Kurasa mia moja na kumi na nne, mbili zimebanwa kichwa chini. Nililibeba mpaka kwa Mama Rufaa kama yai.

Kaanza kusoma nikiwa nimekaa mbele yake. Hakuna redio, hakuna maongezi. Mtu anasoma, wewe unaangalia kamba za viatu. Baada ya saa mbili akafika mwisho, akarudi nyuma, akafika tena mwisho. Kisha akasema: haimo.

Ile ziara ya hakimu, haimo. Hakuna ukurasa. Nani alikuwepo, nani kasema nini, mashine iliwaka au haikuwaka, hakuna hata mstari. Hakimu katoa hukumu kwa kitu alichokibeba kichwani mwake. Mama Rufaa anasema hukumu ya namna hiyo haina miguu, kaziangusha nyingi.

Nilitaka kumkumbatia. Akanisogezea boksi la tishu, akadhani nalia. Kweli nilikuwa nalia.

Ameshaomba amri ya kufunga isimamishwe mpaka rufaa isikilizwe. Nimerudi nyumbani nikimwangalia kila mtu machoni. Kwa Mwalimu nilipita na kikohozi, makusudi.

Jumamosi, 10 Mei

Raha ya maskini haidumu. Nilikwenda kutia sahihi tu. Nilivaa na viatu vya heshima.

Mama Rufaa kaniuliza: majaji wakikubali kwamba ziara ile haikuandikwa, unadhani watafanya nini? Nikasema watanipa ushindi. Akasema huenda. Huenda pia wakasema irudiwe. Waje tena, waandike kila kitu, na safari hii mashine itawashwa. Ukuta utasemaje?

Hautasema kitu, nikajibu.

"Umeushika?"

Nikaanza habari za mchanga na simenti. Akainua mkono. Huyu mama akiinua mkono ni bora akutukane.

"Mashine ikiwa inasaga, umewahi kuingia chumba kile ukaushika ule ukuta?"

Sijawahi. Miaka miwili ya kesi, sijawahi. Hatua moja ya uchochoro.

Basi kaniambia kuna njia mbili. Ukuta ukiwa umetulia, tutaomba hukumu yote ifutwe. Ukiwa unatikisika, tutaomba kidogo: mashine isifungwe, ihamishiwe upande wa pili wa banda, mota iwekewe msingi wake. Majaji wanaweza kukubali hilo. Lakini kuliomba ni kukiri mbele ya watu kwamba Mwalimu alisema kweli. Na nikichagua njia ya kwanza bila kushika, kisha majaji waje washike wao, mashine imekwenda na jina limekwenda.

Nikamwambia mama, wewe ni wakili wangu au wa Mwalimu? Akasema mficha uchi hazai. Hatatia sahihi mpaka nimpe jibu. Jumatatu jioni atapiga simu.

Nimeshuka ngazi nikiwa nimefura. Mtu unamwendea akupiganie, anakutuma kwa adui yako ukapapase ukuta!

Jumapili, 11 Mei

Sijaenda. Nimefua mashuka yote, hata yaliyo safi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda. Saa nne, wateja wamejaa, mashine inasaga mfululizo. Nilibisha hodi, mke wa Mwalimu akafungua, mikono ina povu la sabuni. Nikasema nimekuja kuuona ukuta. Hakuuliza kwa nini. Alisema karibu, dada, kama vile nilikuja jana.

Mwalimu alikuwa sebuleni na gazeti. Nikamwamkia, akaitikia. Nilitegemea aseme neno, nilishaandaa la kumjibu. Alikunja gazeti akanitangulia chumbani.

Kitanda kimehamishwa. Kiko katikati ya chumba, mbali na ukuta, ukitaka kupita unapita upande. Sakafuni karibu na ukuta kumebaki alama nne za miguu yake, simenti imechimbika. Mke wa Mwalimu kasema wamelala pale miaka ishirini na sita, toka walipooana. Walikihamisha mwaka ule niliponunua mota kubwa. Kasema plasta ilikuwa inamwangukia Mwalimu usoni. Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Nikauwekea ukuta mkono.

Unatetemeka. Nimeandika. Si kidogo, si mawazo yangu. Mtetemo ulipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikaondoa mkono, nikauweka tena chini zaidi, nikitafuta mahali pasipotikisika, mke wa Mwalimu akiniangalia. Hapakuwa na mahali.

Nimeona aibu sijawahi kuiona. Na hasira pia, sitajidanganya: kwa hakimu, kwa yule wakili wa kwanza, kwa huyu bibi na kamba zake. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia mapema niushike? Kisha nikakumbuka Mwalimu aliniambia. Kabla ya kesi, alikuja mara tatu, akasema jirani, njoo uone. Mimi ndiye niliyesema sina muda.

 Nilisema asanteni, nikatoka.

Sasa ni saa kumi na moja. Niko bandani kwenye kiti changu, mdogo wangu anafagia. Kaniuliza dada, ukuta ulikuwaje? Nikamwambia afagie na kule nyuma.

Huenda hakuna mwingine atakayeushika. Majaji wanaweza wasiirudie ziara. Mama Rufaa mwenyewe kasema huenda wakanipa ushindi wote, na mtaa nimeshauambia kwamba ukuta ule ni mchanga tu.

Simu inaita. Ni yeye.

Nimepokea. Salamu hakuna, anauliza tu kama nimeushika. Nimesema ndiyo, mama. Hajauliza la pili. Ananisubiri, namsikia anafunga faili la mtu mwingine. Mimi nimebana simu kwa bega, naandika hapa nionekane nina kazi, na mdomo nimeshaufungua, sijui utatoa ukweli au mchanga na simenti.