Kaka, Njoo Uniseme Nyumbani

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Naanza na salamu, maana kwenye barua pepe yako sikuiona. Niligeuza hata karatasi nyuma nikidhani imebaki huko.

Mama mwenye duka la intaneti pale Mbinga mjini ndiye aliyenichapishia. Kabla hajanikabidhi alisema, "Pole, dada." Nikashangaa, sijafiwa. Kumbe alishaisoma. Umeandika: "Umeua mibuni ya baba. Kama shamba limekushinda, apewe mwingine." Mpaka leo siamini kwamba maneno yale yametoka kwako.

Unakumbuka siku jirani alipokushtaki kwamba umekanyaga miche yake? Baba hakukugombeza. Alikwenda kwanza kuikagua. Jioni, kwenye sengu, wanaume wa ukoo mlipokaa kula pamoja, alikusogezea maharage, ukala ukashiba, ndipo akakusema mbele ya wote. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunasikia kila kitu. Ulilia, lakini kesho yake ulikwenda mwenyewe kumpandia jirani miche mingine. Baba alikuwa akisema, "Shamba la mtu halisemwi kabla hujalikanyaga."

Tangu chama cha ushirika kilipoyumba, dawa za mkopo hatuzioni tena. Wanunuzi binafsi wanakuja wakati wa mavuno, wakishapakia wanaondoka. Mibuni ikazeeka, ikaugua. Ni kweli nimeikata, kaka. Nimeikata ili visiki vichipue upya, kama baba alivyoifanya ile ya bondeni tukiwa wadogo. Aliyekupa habari alipita barabarani tu, akaona visiki. Yeye ukamwamini, mimi hata hukuniuliza. Hilo linaniuma kuliko matusi. Shamba hili ndilo ninalokula na wanangu, ukilitoa mikononi mwangu sina pa kwenda.

Nilitaka kukujibu kwa njia ileile, tena kwa ukali kuliko wako. Nikakaa mbele ya kompyuta, mama yule akinichungulia begani, vidole vikakataa. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono.

Njoo nyumbani Maguu, kaka. Machipukizi yamefika magotini. Yaone kwanza, kisha unawe mikono, ule. Ukishashiba, kama bado una neno, niseme mpaka uchoke. Safari hii sitakuwa jikoni, nitakuwa nimekaa mbele yako.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye shamba bado halijamshinda