Ngege Wenye Alama

Guta, Jumamosi, Julai 1974

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, lakini asubuhi mwanangu Nyamisi alikuwa karibu kulia. Chuo kikuu kimemtuma akadirie idadi ya ngege, hawa samaki wa ziwa letu. Aliwakata wengi ncha ya pezi, akawarudisha ziwani. Sasa anakagua samaki wa wavuvi: wenye alama wakiwa wachache kati yao, basi ngege ziwani ni wengi. Mimi nilielewa mara moja. Akili hiyo kairithi kwangu.

Tatizo, hakuonekana hata mmoja mwenye alama. "Mama, watakuwa wamekufa. Nitarudi chuoni na nini?"

Nikamshika mkono tukaenda mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, kwa shemeji yangu Magesa, mvuvi.

"Baba mdogo, wale wa pezi lililokatwa hamjawapata?"

"Tunawapataga kila siku, binti yangu. Tunawarudisha majini. Wana alama, maana yake wana mwenyewe. Sisi si wezi."

Nikamkumbuka marehemu baba kule Mugeta, akikata alama yake kwenye masikio ya ndama. Ng'ombe wake akipotea hata Butiama, alirudishwa. Mimi nilikuwaga namshika ndama kichwa, naye ananisifu kwamba nina mikono ya dume. Zizi lile sasa ni shamba la pamba.

Nyamisi akajifuta macho. "Basi baba mdogo, kesho mniletee. Mwenyewe ni mimi."

"Wote hao? Umemzidi babu yako wa Mugeta kwa mali."

Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndama wote wale niliowashika, na kwetu binti hakuwahi kuwa na alama yake ya kumiliki hata ndama mmoja.