Ua la Mwezi wa Saba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 4 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha kukuacha. Huku tunaamka na tunalala. Mama Mdogo mguu bado unamsumbua, ila ulimi wake haujaguswa na ugonjwa wowote. Jana amenigombeza kwa kufagia uwanja nikianzia mlangoni badala ya kumalizia hapo. Mimi mwili hauna neno.

Barua yako ya tarehe 18 Julai niliipata Jumanne, na nimeisoma mara nne. Unasema kwa kuwa mazishi yalikupita, sasa haraka ya nini, na unaomba nikuandikie kama zamani: ni wakati gani mzuri wa kuja, maua yakiwa yamefunguka, ukae kidogo kaburini kwa Mama pakiwa panapendeza. Ukamalizia kwamba Karani wenu, yaani mimi, ndiye mwenye kalenda.

Nianze na hilo ulilouliza, maana ndilo ninaloliweza. Shajara zangu zimefika kumi na moja sasa, moja kwa kila mwaka tangu uondoke, na zote ziko mezani hapa.

Mwezi wa tatu, mvua ikishalainisha ardhi, yale mayungiyungi mekundu hutokeza penye mawe juu ya kisima. Hayana majani, yanachomoza tu kama vidole. Mwezi wa tano bonde lote huwa la manjano kwa alizeti. Mwezi wa tisa mijakaranda ya barabara ya shule hupukutisha maua yake, na watoto huenda darasani wakikanyaga zambarau.

Lakini kilele ni maua ya mibuni, wewe unajua. Mvua ya kwanza ya kweli ya Novemba, si manyunyu, ikishanyesha, hesabu siku tisa. Siku ya kumi asubuhi mteremko mzima ni mweupe, na harufu inaingia mpaka ofisini kwetu kwenye chama cha ushirika, inakaa ndani ya mafaili. Siku tatu tu, kisha yanageuka rangi ya chai. Mwaka juzi wageni wa mjini walipiga simu kuuliza, nikawaambia waje Alhamisi. Walikuja Alhamisi, wakayakuta. Mmoja wao aliniita profesa. Neno hilo nililiandika, tena nikalipigia mstari.

Mwezi wa sita, wa saba na wa nane, kila mwaka, utakuta nimeandika maneno yaleyale: Vumbi. Hakuna cha kuona.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ningesikia unavyopumua, nikanyamaza.

Kiwanda chenu cha nguo hufungwa mwezi wa saba, na hiyo ndiyo likizo pekee unayopewa bila kuomba. Mwaka wa tatu uliniuliza, uje? Nikakujibu usipoteze nauli kuja kuangalia vumbi, omba likizo ya Novemba. Hukupewa. Mwaka wa saba ikawa hivyohivyo. Mwaka huu, mwezi wa tano, uliniuliza tena, na jibu langu unalikumbuka. Hayo yote unayajua. Lipo moja usilolijua.

Nanakili kutoka shajara, tarehe 14 Juni: "Miguu ya Mama imevimba. Muuguzi amesema apumzike. Mama ameomba Dada aje. Nimemshauri tusubiri maua."

Ni mistari minne tu, Dada, na yote ni safi, hakuna nilipofuta. Nilikuwa nimepiga magoti nikimkanda miguu kwa maji ya moto. Akaniambia, "Mwambie mwenzako aje." Nikamweleza kwamba huu si wakati, kumekauka, na baada ya miezi michache tu mibuni itachanua na nyinyi wawili mtatembea pamoja chini kule. Nilisema vizuri kabisa, kama ninavyowaambia wageni. Akasema, "Haya, baba. Wewe ndiye unayejua majira." Akageukia ukutani.

Nilidhani ananisifu.

Sikukupigia simu. Muuguzi hakusema kwamba hali ni mbaya, wala mimi sikuiona. Lakini alikuomba wewe, si mimi, na jibu nikalitoa mimi. Kiwanda kilifungwa tarehe 1 Julai. Ungeondoka siku hiyohiyo, kwa safari ya siku tatu, ungefika tarehe 4. Mama alifariki tarehe 9 alfajiri, na tukamzika kesho yake kabla hujapata hata tiketi. Nimeipiga hesabu hiyo kila namna, na kila namna inatoka siku tano. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshazaliwa, na anatembea.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama Mdogo alinipa beseni la maji yaliyooshewa vyombo, akaniambia nikamwage nyuma ya jiko, penye ukuta, nisimwage ovyo. Unajua mimi huko nyuma huwa siendi. Nikaenda, na nikakuta kichaka kinachonifika kiunoni, kimechanua chote, maua ya rangi ya chungwa, mafungu mafungu. Pembeni yake kila kitu kilikuwa vumbi, kama nilivyoandika.

Nikamuuliza Mama Mdogo jina lake. Akasema jina halijui, Mama alikuwa akiliita la mwezi wa saba. Kumbe ule mwaka wa tatu, alipojua likizo yako huwa lini, alianza kutafuta ua linaloweza kuchanua wakati wa kiangazi. Akajaribu moja, likakauka. Akajaribu la pili, mbuzi wa jirani wakalila. Hili alipewa kitawi na muuguzi, miaka minne iliyopita, akalilea kwa maji ya vyombo kwa kuwa ya kisimani hayatoshi. Nikasema, mbona hakuniambia. Mama Mdogo akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliokwama.

"Angekuambia nini? Ungemwambia halimo kwenye daftari."

Ni kweli. Ningemwambia hivyo. Jioni ile nilifungua shajara zote kumi na moja, Julai kwa Julai, nikitafuta hata mara moja nilipolitaja. Halimo. Mama mwenyewe alizoea kunitania kwamba siku yangu ya kufa nitataka kwanza kuandika saa. Hakuwahi kunitania kuhusu hili.

Sikuambii haya ili uniambie si kosa langu. Ukinikasirikia, una haki, na ukitaka kukaa muda bila kuniandikia nitakuelewa, ingawa Jumanne nitaendelea kupita posta. Ninachoomba ni kimoja tu: hata ukinikasirikia mimi, usiache kuja kwake.

Basi hili ndilo jibu langu. Usiombe likizo ya Novemba. Njoo Julai ijayo, kiwanda kikifungwa, panda gari la kwanza. Utakuta barabara ina vumbi, kisima kiko chini, mibuni imekunja majani. Pitia nyuma ya jiko. Maji ya vyombo namwaga mimi sasa, asubuhi na jioni, na Mama Mdogo ananisimamia kama askari jela.

Nilitaka kukutilia ua moja ndani ya barua hii. Nilikuwa nimeshalishika. Mama Mdogo akanipiga kofi mkononi, akasema hilo halitumwi. Hilo linafuatwa.

Msalimie shemeji, na umwambie ile redio yake bado inafanya kazi. Wabusu wapwa zangu, hasa yule mdogo mbishi, ambaye Mama alikuwa na picha yake chini ya mto. Mama Mdogo anakusalimu, na mwalimu jirani pia, yule mwenye mbuzi. Mungu akulinde njiani na kazini, na atuweke hai sote hadi Julai.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinyamaza,

Karani