Sikuandika Jina Langu Juu ya Wimbo

Suna, Jumatano. Imenyesha tangu alfajiri na jua limechungulia jioni tu. Leo nimekula nikasikia ladha ya chakula. Wiki tatu nzima nilikuwa natafuna tu.

Wacha niseme yote.

Mimi ni fundi wa nguo, na jioni nafundisha kwaya ya kanisa letu. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga wimbo kuhusu mjane aliyebakiwa na konzi moja ya unga. Tuliuimba makambini, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, watu wakalia, tukarudi nyumbani. Mwezi uliopita nikautoa tena tuufanyie mazoezi kwa makambi ya mwaka huu. Tulipofika ubeti wa pili, Atieno wa soprano akainua simu yake.

"Mwalimu, si hii wimbo ni ya watu wa Mbita? Iko hapa, wameimba."

Kweli ilikuwepo. Kwaya ya Mbita, sare za buluu, wimbo wangu neno kwa neno. Chini ya video palikuwa na jina la kwaya yao tu. Nikasema wimbo nimeutunga mimi. Vijana wakatazamana. Hakuna aliyebisha, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee wa kanisa akashauri kwa upole tuuweke kando, tusilete aibu. Hakusema aibu ya nani, lakini sote tulijua.

Waliniona mwizi.

Sikuwa na la kuonyesha. Daftari langu la nyimbo liliharibika mwaka ule nyumba ilipovuja. Hata lingekuwepo lisingenifaa, maana sijawahi kuandika jina langu juu ya wimbo. Ndivyo tulivyofundishwa: sifa ni za Mungu, na mtunzi anayejiandika juu ya karatasi anatafuta makofi. Unaandika solfa, zile do-re-mi za wimbo, mwalimu wa kwaya nyingine akiomba unampa, basi. Tena nilidhani bila cheti kutoka Nairobi wimbo si wako, na kwamba anayetangulia kuutoa ndiye mwenyewe. Nikaandika barua ya kuacha kwaya, nikaitia mkobani.

Leo asubuhi nimeenda kikao cha wafanyabiashara. Nilifuata habari za chapa ya kushonea kwenye nguo zangu, nyimbo wala sikuziwaza. Wakili mmoja kijana, binti kutoka Kegonga, alieleza mpaka mimi niliyekuwa natoroka masomo nikaelewa. Fundi akivumbua mashine mpya ya kupukuchua mahindi, anaomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, na ni heri aombe kabla hajaianika sokoni. Jina na nembo ya biashara yako ni alama ya biashara. Unaiandikisha ili jirani asiuze mali yake kwa jina lako. Kitabu, picha au wimbo unalindwa na hakimiliki.

Nikanyoosha mkono. Sauti ilinitetemeka, mimi ninayewagombeza watu wapaze sauti. Nikauliza, je, kama wimbo wenyewe haukuandikishwa popote?

"Mama, hakimiliki haingoji cheti. Siku uliuandika kwa karatasi ulikuwa wako. Kuandikisha inakusaidia tu kwa ushahidi. Na hata ukimpa mtu aimbe, bado anafaa kutaja jina lako."

Nilitoka nje, nikasimama chini ya mabati huku mvua ikinirukia miguuni, nikampigia mwalimu wa ile kwaya ya Mbita. Namba yake nilikuwa nayo tangu makambi yale. Nilikuwa nayo wiki zote tatu! Niliogopa atasema wimbo ni wake.

Alifurahi kunisikia. "Nyaminwa, dada yangu! Hiyo wimbo si ni yako? Karatasi ulinipa wewe mwenyewe, niko nayo kwa Biblia." Nikamuuliza mbona basi hakutaja jina langu. Akajibu, "Niliona nikiandika, watu watasema dada yangu anajitafutia sifa. Nilikuwa nakulinda."

Nililia pale pale kibarazani. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Picha ya karatasi ikaingia muda mfupi baadaye. Ni mwandiko wangu, nyuma ya karatasi ya vipimo: kifua arobaini, kiuno thelathini na nane, mikono mifupi, na jina la mteja ambaye mpaka leo anashona kwangu. Kufikia saa nane mchana mwalimu alikuwa ameweka jina langu chini ya video.

Nimeituma picha hiyo kwenye kundi la kwaya. Mzee wa kanisa amejibu kwa aya ya Biblia, ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Barua nimeichana.

Kisha nikakaa kuandaa karatasi za mazoezi ya kesho. Jina langu nimeliandika juu kulia, kwa herufi ndogo sana, nikalitazama kama deni. Bado nilikuwa naona haya, na sijui haya hiyo itaisha lini.

Hapo Atieno akapiga. "Pole mwalimu, mimi niliona tu kwa simu." Sikumjibu upesi. Nilitaka ahangaike kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwambia yameisha, lakini hakukata. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia ametunga wimbo, tangu mwaka jana, na hajamwonyesha mtu. Je, akiuleta kesho, aandike jina lake?

Nikamwambia aliandike, tena kwa herufi kubwa.

Tumeagana. Nimechukua karatasi safi, nikaanza kuandika upya, kuanzia jina.