Vidonge vya Sukhee vimegawanywa nusu

Nomin shoga yangu, sikiliza haya!

Unajua mume wangu Sukhee alivyopasuliwa ini, wakaondoa saratani. Basi leo sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu, nyumba imejaa, buuz za nyama zinaiva kwa mvuke, na mimi macho yote kwenye bakuli la vodka linalozungushwa. Likimfikia anachovya kidole cha pete, anarusha matone hewani kama desturi, analirudisha bila kuonja. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba namlinda vizuri.

Kumbe!

Shemeji Dawaa kalewa, kasimama mbele ya wageni: "Kaka kama huyu mtampata wapi? Vidonge vyake vya virusi vya ini ananipa nusu, tangu kiangazi!"

Nusu, Nomin! NUSU!

Nikamgeukia Sukhee, "Baba Tuya, daktari si alisema virusi vikiamka saratani inarudi?"

Akacheka: "Mimi nimeshapona, mama Tuya. Ndugu yangu ana virusi vilevile, nimtazame tu?"

"Na kipimo cha mwezi uliopita kilisemaje?"

Mama mkwe akaweka bakuli chini.

"Sikwenda," akasema Sukhee. "Niliogopa."

Dawaa analia kama mtoto. Kliniki ikifunguliwa tu nawapeleka wote wawili, huyu mkono huu, yule mkono huu.